Mshindani Akitajwa: Utangulizi wa Akili Unde katika Maandalizi ya Wauzaji

Elimu ninayokufungulia hapa inaanzia kwenye swali ambalo kila aliyewahi kuuza kitu amelisikia: "Mbona wenzenu wanauza bei nafuu kuliko ninyi?" Mteja huliuliza bila kinyongo chochote. Muuzaji ambaye hakujiandaa ama atababaika na kukimbilia kupunguza bei, ama atamponda mshindani kwa maneno ambayo hawezi kuyathibitisha. Vyovyote atakavyofanya, imani ya mteja inapungua. Aliyejiandaa hutulia, huuliza kwanza ili amwelewe mteja, kisha hujibu kwa jambo analolijua kwa hakika. Watu husema huyu wa pili ana kipaji cha maneno. Mimi nasema ana maandalizi, na maandalizi yanafundishika. Hilo ndilo linalonifanya niipende taaluma hii na nitamani uipende nawe.

Nitakuonyesha jinsi akili unde inavyoweza kuiandaa timu ya mauzo kwa mazungumzo ya namna hiyo. Akili unde, au akili mnemba kama wengi wanavyoiita, ni jina la jumla la programu za kompyuta zinazofanya kazi tulizozoea kuona zikifanywa na akili ya binadamu: kutambua sauti, kutafsiri, kufupisha maandishi, kuzungumza. Huenda una hofu kwamba hapa patahitajika hisabati au ujuzi wa kuandika programu. Ondoa hofu. Ninachokuomba ni subira ya kukaa kwanza na misingi, kwa kuwa baadhi ya misingi ya somo hili ina umri mkubwa kuliko kompyuta, na asiyeijua hatasaidiwa na mashine yoyote.

Tuanze na swali linaloonekana la kitoto: mshindani ni nani? Wanaoanza hujibu haraka kwamba ni kampuni inayouza bidhaa kama yetu. Jibu hilo lina ukweli, ila ni nusu tu ya ukweli. Mwaka 1979 Michael Porter, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, aliandika makala iliyobadilisha namna watu wanavyoutazama ushindani, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kikubwa juu ya jambo hilohilo. Alionyesha kwamba faida ya biashara inabanwa kutoka pande tano: washindani waliopo, wageni wanaoweza kuingia sokoni, nguvu ya wanunuzi, nguvu ya wanaotuuzia malighafi, na bidhaa mbadala. Bidhaa mbadala ni kitu cha aina nyingine kinachomaliza shida ileile ya mteja.

Ili jambo hili lisibaki hewani, tubuni mfano ambao tutakwenda nao hadi mwisho. Fikiria kampuni inayouza pampu za maji zinazotumia umeme wa jua kwa wakulima wa mbogamboga katika bonde la mto Ruvu, mkoa wa Pwani. Meneja wa mauzo akiulizwa washindani wake atakutajia kampuni nyingine mbili za pampu za jua. Lakini keti na mkulima mwenyewe. Mkulima halinganishi pampu ya jua na pampu ya jua. Analinganisha pampu ya jua na ile ya petroli aliyonayo kibandani, ambayo anaibeba begani kutoka shamba moja hadi jingine na ambayo fundi wake yuko njia panda. Au analinganisha na kukodi ya jirani. Na mara nyingi mshindani wake mkubwa hana hata jina: ni kuacha mambo yalivyo na kungoja msimu ujao. Timu iliyojiandaa kuzungumzia kampuni mbili tu imejiandaa kwa mazungumzo ambayo mteja huyu hatayaanzisha kamwe.

Msingi wa pili ni wa kihistoria. Mwaka 1879 James Ritty, mwenye baa katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, alibuni pamoja na ndugu yake mashine ya kurekodi mauzo ili wahudumu wasimwibie. Miaka michache baadaye, mwaka 1884, John Henry Patterson alinunua kampuni iliyokuwa ikitengeneza mashine hizo na kuiita National Cash Register. Shida ya Patterson ilikuwa kwamba karibu hakuna mwenye duka aliyeitaka mashine yake. Basi aligundua kwamba shemeji yake, Joseph Crane, alikuwa akiuza vizuri kwa kurudia maelezo yaleyale kila mahali. Mwaka 1887 maelezo hayo yaliandikwa kuwa kijitabu, na wauzaji wakatakiwa kukikariri. Halafu Patterson akaanzisha shule ya wauzaji, ambamo mtu alisimama mbele ya wenzake akauza, huku mwingine akijifanya mwenye duka mwenye pingamizi. Kwa lugha ya kitaaluma, pingamizi ni sababu yoyote anayoitoa mteja ya kutonunua au kutonunua sasa. Mazoezi yale ya kujifanya tunayaita igizo dhima, na utaona baadaye kwamba ndiyo hasa akili unde inayoyafufua leo.

Historia hiyo ina upande wa pili, nao nataka uujue mapema. Kampuni ya Patterson iliwaandaa wauzaji wake dhidi ya washindani kwa ukali mno. Ilitengeneza mashine maalumu za bei ya chini zilizofanana na za washindani kwa lengo la kuwaua kibiashara, na Thomas Watson, mmoja wa mameneja wake, alipewa fedha za kuendesha biashara ya mashine zilizotumika bila kuonyesha kwamba kampuni iko nyuma yake. Mwaka 1913 Patterson, Watson na wakuu wengine walitiwa hatiani kwa kuvunja sheria ya Marekani inayozuia ukiritimba. Mahakama ya rufaa ilitengua hukumu hiyo mwaka 1915, na kesi haikusikilizwa upya. Watson alikuwa ameshaondoka. Alikwenda kuongoza kampuni ambayo mwaka 1924 iliitwa IBM, moja ya majina makubwa kabisa katika historia ya kompyuta. Kwa hiyo ufundi wa kumwandaa muuzaji na hatari ya kumwandaa vibaya vilizaliwa nyumba moja, na anayejifunza kimoja hana budi kujifunza kingine.

Msingi wa tatu unahusu yanayotokea katika mazungumzo yenyewe. Neil Rackham, mtafiti Mwingereza, pamoja na wenzake walichunguza mazungumzo ya mauzo yapatayo 35,000 kwa muda wa miaka 12, na matokeo yakachapishwa katika kitabu mwaka 1988. Waliyoyakuta yaliwashangaza wengi. Katika mauzo makubwa, muuzaji anayefaulu huuliza zaidi na kusema kidogo, na mteja ndiye anayezungumza kwa muda mrefu. Tena, pingamizi nyingi husababishwa na muuzaji mwenyewe anapokimbilia kusifia bidhaa kabla mteja hajaona uzito wa shida yake. Ukilishika hili, utaelewa kwa nini nasikitika ninapoona timu imekaririshwa majibu hamsini dhidi ya mshindani na haijafundishwa swali hata moja la kumuuliza mteja. Kati ya yote yaliyomo katika taaluma hii, kama ungebaki na kitu kimoja tu, ningependa kiwe hiki cha Rackham.

Sasa tuulize: habari za mshindani zinatoka wapi? Kazi ya kuzikusanya na kuzichambua kwa njia halali ina wanataaluma wake, na mwaka 1986 waliunda chama chao Marekani. Habari nyingi ziko wazi: orodha za bei, matangazo, maonyesho ya Nanenane na Sabasaba, taarifa za fedha za kampuni zilizoorodheshwa katika soko la hisa, nafasi za kazi zinazotangazwa, na zaidi ya yote wateja wenyewe, walionunua kwetu na waliotukataa. Maadili ya chama hicho yanamtaka mtafiti ajitambulishe yeye ni nani na anafanyia nani kazi kabla ya kumhoji mtu. Kujifanya mteja ili kumchota mfanyakazi wa upande wa pili hakukubaliki. Mwaka 2001 ilifichuka kwamba watu walioajiriwa kwa niaba ya kampuni ya Procter & Gamble walikuwa wamepekua taka za Unilever huko Chicago kutafuta nyaraka za bidhaa za nywele. Wakuu wa Procter & Gamble walipopata habari waliwaendea Unilever wenyewe wakawaeleza, na suala likamalizwa kwa makubaliano. Kampuni ya ukubwa ule iliona ni heri aibu ya kukiri kuliko kuendelea kukalia nyaraka zile, na naiona hukumu hiyo kuwa sahihi.

Habari zikishakusanywa huwekwa katika kadi ya ushindani. Hii ni karatasi fupi, aghalabu ukurasa mmoja, anayoisoma muuzaji kabla ya kuonana na mteja anayemfikiria pia mshindani fulani. Kadi nzuri inaeleza mshindani anawalenga wateja gani, anafanya nini vizuri, sisi tunamzidi wapi na kwa ushahidi upi, maswali gani yatamsaidia mteja kulinganisha kwa haki, na mambo gani tusiyaseme kwa sababu hayajathibitishwa. Kila sentensi inayogusa ukweli iandikiwe chanzo chake na tarehe.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni ile ya mambo ambayo mshindani anatuzidi, na ndiyo inayoachwa tupu mara nyingi. Katika mfano wetu, kadi ya pampu ya petroli inapaswa kukiri kwamba bei yake ya kuanzia iko chini, vipuri vyake viko karibu kila kijiji, na inavuta maji alfajiri au siku ya mawingu, wakati ambapo pampu ya jua hupunguza nguvu. Muuzaji asiyeyajua haya atayasikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mkulima, na uso wake utaonyesha. Anayeyajua atakubali palipo kweli, kisha ataendelea na hoja zake: gharama ya mafuta ya kila wiki, usumbufu wa kuyafuata, na mpango wa kulipa kidogo kidogo unaopunguza uzito wa bei ya kuanzia.

Adui mkubwa wa kadi ni kuchakaa. Bei hubadilika, modeli mpya hutoka, ofa huisha, na kadi iliyoandikwa kwa jasho jingi inakuwa kitabu cha uongo bila mtu kukusudia. Watu wa mauzo wakishakuta kosa moja hawaifungui tena. Shida hii ya muda mrefu ndiyo iliyowafanya wengi waigeukie akili unde, na sasa tumefika mahali pa kueleza akili unde hiyo ni kitu gani hasa.

Programu tutakazozizungumzia zinaitwa modeli kubwa za lugha. Modeli ya lugha ni programu iliyopitishwa katika maandishi mengi kupita kiasi, ikajifunza kukisia kipande cha neno kinachofuata baada ya vile vilivyotangulia. Ni hilo tu, na kutokana na hilo yanatokea mengi ya kustaajabisha. Muundo unaotumiwa na karibu modeli zote za leo ulielezwa na watafiti wa Google mwaka 2017, na umma mpana ulikutana nazo Novemba 2022 ilipotolewa ChatGPT. Hapa ndipo wanaoanza huchanganyikiwa, kwa hiyo twende taratibu. Modeli haina ndani yake daftari la bei za pampu ambalo inalifungua ukiuliza. Ina mazoea ya lugha. Ukiiuliza bei ya pampu ya kampuni fulani, itatunga sentensi inayofanana na jibu sahihi, na sentensi hiyo inaweza kuwa kweli au uzushi. Sauti haibadiliki: inazusha kwa utulivu uleule inaotumia kusema kweli. Tuuite huu uzushi wa mashine, na tuukumbuke kila tunapoigusa kadi ya ushindani, maana tarakimu moja ya kuzushwa ikifika mdomoni mwa muuzaji mbele ya mteja anayejua bei halisi, mazungumzo yamekwisha.

Dawa yake ipo, ijapokuwa haiponyi kabisa. Inaitwa kujibu kwa kurejea nyaraka, na ilielezwa katika makala ya kitafiti ya mwaka 2020. Kampuni inakusanya nyaraka zake za kuaminika: orodha za bei za mshindani zilizotangazwa, ripoti za wauzaji kutoka mashambani, miongozo ya bidhaa. Programu inazikata vipande vidogo na kukipa kila kipande alama za kinamba zinazowakilisha maana yake. Muuzaji anapouliza, swali lake nalo linapewa alama hizo, vipande vilivyo karibu nalo kimaana vinatafutwa, kisha modeli inaambiwa: jibu kwa kutumia vipande hivi, taja umetoa wapi, na kama jibu halimo sema halimo. Kampuni kama Klue ya Vancouver na Crayon ya Boston zimejenga biashara nzima juu ya kazi ya kufuatilia washindani na kutunza kadi, nazo sasa zinatumia modeli za lugha kufanya hivyo. Kampuni ndogo haihitaji kuanza huko. Folda moja yenye nyaraka safi zenye tarehe, na mtu mmoja aliyekabidhiwa jukumu la kuzisoma kila mwezi, vinatosha kwa mwanzo wa heshima.

Katika uandishi wa kadi, ipe mashine kazi inayoiweza. Ipe maelezo ya mazungumzo ishirini ambayo timu ilishindwa kuuza, majina ya wateja yakiwa yameondolewa, na iulize ni pingamizi gani zinajirudia na kwa maneno gani. Hapo ni hodari, kwa kuwa inafupisha kilichopo. Ukiiomba ikuambie mshindani anapanga nini mwakani, umeiita kwenye uzushi.

Sasa nije kwenye eneo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lenye manufaa makubwa kuliko yote: igizo dhima. Katika timu nyingi za mauzo mazoezi hayafanyiki. Meneja hana muda, wenzako wanacheka, na anayejifanya mteja anakuonea huruma. Muuzaji mpya anajikuta akifanya mazoezi yake ya kwanza mbele ya mteja halisi, kama timu ya mpira inayoingia kwenye ligi bila kucheza mechi hata moja ya kirafiki. Modeli ya lugha haichoki, haimcheki mtu, na iko tayari saa nne za usiku. Wazo la kompyuta kuigiza mtu katika mazungumzo si geni. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alieleza programu yake ELIZA, iliyoigiza mshauri wa magonjwa ya akili kwa kugeuza tu maneno ya mtu kuwa maswali. Kilichobadilika ni kwamba leo mteja wa kuigiza anaweza kuwa na shamba, madeni, jirani na historia.

Lakini hawi hivyo mwenyewe. Ukiiandikia mashine "jifanye mteja", utapata mteja asiye na uso, anayezungumza kama taarifa ya habari na anayekubali baada ya sentensi tatu. Modeli hizi zimefunzwa ziwapendeze watu, na zina mwelekeo wa kukubaliana na anayezungumza nazo. Ni tabia inayojulikana na kuchunguzwa, na kwa mazoezi ya mauzo ni sumu, kwani inampa kijana ushindi ambao sokoni haupo. Kwa hiyo andika maelekezo, yaani maneno unayoipa mashine kabla ya mazungumzo kuanza, kwa uangalifu wote. Iambie inaigiza mkulima mwenye umri gani, analima nini, ana pampu gani, jirani yake alinunua nini. Mpe mkulima huyo wasiwasi mmoja anaousema wazi na mwingine anaouficha. Elekeza asiufichue ule wa siri mpaka aulizwe swali linaougusa, na asikubali kununua kwa sababu ya sifa tupu.

Tazama tofauti. Muuzaji kijana anaanza zoezi, na mashine inaigiza mzee mkulima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja na hayo mapampu ya jua? Jirani yangu kanunua ya petroli kwa bei ya chini, na ikisumbua fundi yupo hapo njia panda. Yako ikifa nampigia nani?"

"Mzee wangu, pampu za petroli zimepitwa na wakati. Zinakula hela bure."

"Zimepitwa na wakati, lakini ndizo zilizowasomesha watoto wangu."

Kijana amemtukana mteja bila kujua, maana kuiponda pampu ni kuuponda uamuzi wa aliyeinunua. Anaanza upya:

"Ni kweli mzee, kwa upande wa mafundi ya petroli inatuzidi, na bei yake ya kuanzia ni ndogo. Naomba nikuulize: msimu uliopita kuna siku ilikosa mafuta?"

"Zipo. Januari ilinitesa. Nyanya zilikuwa kwenye maua, na mimi niko barabarani natafuta petroli."

"Ulipoteza kiasi gani, mzee?"

Mkulima sasa anazungumzia hasara yake mwenyewe. Jina la mshindani limeshatajwa na limeshaheshimiwa. Swali la "nampigia nani?" bado linadai jibu la kweli, na kama kampuni haina fundi karibu, hakuna igizo litakaloziba pengo hilo. Taarifa hiyo irudi kwa wakuu. Hii ni faida ya mazoezi isiyosemwa sana: yanaonyesha mahali ambapo tatizo liko kwenye bidhaa au huduma, wala haliko mdomoni mwa muuzaji.

Baada ya zoezi, iombe mashine itathmini kwa vigezo ulivyoviandika wewe. Je, muuzaji aliuliza kabla ya kueleza? Alitaja jambo lolote kuhusu mshindani ambalo halimo kwenye kadi? Alikubali palipostahili kukubali? Ukiiacha ibuni vigezo vyake, itakusifu. Tena usitumie tathmini hiyo kumpandisha au kumshusha mtu cheo. Mashine hukosea, na muuzaji anayejua kwamba mazoezi yake yanapelekwa kwa bosi ataacha kujaribu mambo mapya, ambayo ndiyo sababu ya kufanya mazoezi.

Neno juu ya lugha yetu. Modeli hizi zimelishwa Kiingereza kingi mno na Kiswahili kidogo kwa kulinganisha. Zinakielewa Kiswahili na kukiandika, lakini mara nyingi mkulima zinayemwigiza anaongea kama kitabu cha sarufi, na hajui jinsi watu wa Bagamoyo wanavyokataa kwa upole bila kusema "hapana". Kazi ya kutambua sauti za Kiswahili inasonga mbele, ikisaidiwa na juhudi kama mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambamo watu wa kawaida hujitolea kusoma sentensi na kuchangia sauti zao. Kwa sasa, njia bora ni kuiwekea mashine sentensi halisi kutoka uwanjani: wateja walisema nini, kwa maneno yapi. Muuzaji mkongwe aliyekaa miaka mingi vijijini, ambaye pengine haiamini kabisa teknolojia hii, ndiye mtu wa thamani kuliko wote katika kuiandaa. Mketishe, msikilize, andika anayoyasema.

Utakuwa unajiuliza kuhusu siri. Ni haki kujiuliza. Mwaka 2023 Samsung ilipiga marufuku wafanyakazi wake kutumia huduma za namna hii baada ya baadhi yao kuweka humo msimbo wa siri wa programu za kampuni. Kabla ya kuweka chochote, soma masharti ya huduma ujue maandishi yako yanahifadhiwa wapi na kama yatatumika kuifunza modeli. Majina ya wateja, namba zao za simu na madeni yao yasiingie. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019, na Tanzania ina yake ya mwaka 2022. Hati ya siri ya mshindani iliyokufikia kwa njia ya mkato nayo haisafishwi kwa kupitishwa kwenye mashine.

Na ikitokea mashine imezusha jambo, muuzaji akalisema, nani atawajibika? Mwaka 2024 baraza la usuluhishi katika jimbo la British Columbia, Kanada, lilikataa utetezi wa shirika la ndege la Air Canada kwamba haliwajibiki kwa habari potofu aliyopewa abiria na programu ya mazungumzo kwenye tovuti yake. Shirika liliamriwa kumlipa. Kwetu, Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mienendo ya kupotosha katika biashara, na Kenya ina katazo la aina hiyo katika sheria yake ya mwaka 2010. Neno la muuzaji kuhusu mshindani ni neno la kampuni, lililoandikwa na mtu au na mashine.

Sasa uko tayari kuanza, na nakusihi uanze padogo. Chagua mshindani mmoja, yule ambaye wateja wako wanamtaja mara nyingi, hata kama ni pampu kuukuu iliyoko kibandani. Waulize wateja watano waliomchagua yeye kwa nini walimchagua, na yaandike maneno yao kama yalivyo. Andika kadi ya ukurasa mmoja kwa mkono wako kabla ya kuigusa mashine, ukianza na sehemu ya mambo anayokuzidi. Ndipo uiombe mashine iiulize kadi hiyo maswali magumu, kisha iigize mteja. Ukikwama, mwulize muuzaji mkongwe aliye karibu nawe kabla hujaiuliza mashine.